Rangi Haijakauka, na Wewe Ushaanza "Nipunguzie"

Wasee, kuna maongezi nimeyasikia mara mob mbele ya picha za watu hadi najua yanaisha aje. Mtu amesimama mbele ya kanvasi, simu ya laki moja mkononi, anasoma bei kwa kile kikaratasi cha pembeni. "Elfu sitini? Ya picha?" Anacheka, anamtazama mwenzake. "Hii si hata mimi naweza." Halafu anamgeukia mchoraji na ile sauti tamu ya kununua nyanya Marikiti: "Nipunguzie basi. Nitakuposti."

Leo nataka tugombane juu ya hiyo "nipunguzie."

Hoja yangu ni moja. Kizazi chetu hakijui kuchora ni kazi ya aina gani, kwa sababu tumefunzwa na video za dakika moja, na hizo video zimeitupa kazi zikatuachia sherehe. Ndiyo maana mtu hawezi kumwambia fundi wa gari "hiyo injini umeshika masaa mawili tu, chukua soo mbili," lakini mchoraji anamwambia hivyo mchana kweupe na anajiona mjanja.

Kabla mniulize mimi ni nani: mimi si mchoraji. Natengeneza video. Niliacha chuo mwaka wa pili na nalala vizuri, kwa hivyo msiniletee mambo ya digrii. Lakini mwaka huu nimekuwa nikienda na kamera kwa studio ya mchoraji mmoja hapa Nairobi, mama wa miaka arobaini na kitu, anayefanya rangi ya mafuta peke yake. Namwita Auntie. Yeye ananiita "wewe kijana," hata wakati ananipatia chai. Amenikubalia nitumie hesabu zake, jina hapana. Kwa hivyo msiulize.

Tuanze na video zenyewe. Mnazijua. Kanvasi nyeupe, mkono unaruka ruka, muziki umepanda, na sekunde arobaini baadaye kuna mzee wa Kimaasai anakutazama na chozi kwenye jicho. Wimbo ukiisha, picha imeisha. Mimi nakata video kila siku, kwa hivyo niwaambie kinachotupwa ukiharakisha hivyo. Mchoraji akikaa kimya anaangalia, inakatwa. Akikwangua kile alichofanya jana, inakatwa. Zile siku tano rangi inakauka na hawezi kugusa hapo, hizo hata hazikurekodiwa. Kinachobaki ni mkono. Na mkono ndio sehemu ndogo kabisa ya kazi yote.

Sasa tuelewane kuhusu rangi yenyewe. Rangi ya mafuta ninayosema si ile ya kopo unanunua hadiwea upake geti. Ni unga wa rangi uliosagwa pamoja na mafuta, mara nyingi ya mbegu za kitani. Nguo kwenye kamba hukauka kwa sababu maji yanatoka na kwenda zao hewani. Mafuta ya kitani hayaendi popote. Yanavuta oksijeni kutoka hewani, yanashikana polepole, hadi yanakuwa ngozi ngumu. Yaani rangi ya mafuta haikauki kwa kupoteza kitu, inakauka kwa kuongezewa. Na hewa haina haraka na mtu.

Tena kila rangi na tabia yake. Ile kahawia ya udongo inayoitwa amba inaweza kukauka kwa siku moja au mbili. Nyeupe na baadhi ya nyekundu zinaweza kukaa wiki nzima na bado zinakushika kidole. Juu ya hayo kuna sheria ambayo hakuna mchoraji wa mafuta anaweza kuikwepa: tabaka la chini liwe na mafuta kidogo, la juu liwe na mafuta zaidi. Ukigeuza, la juu linakauka haraka, la chini linaendelea kusogea, na baada ya muda picha inapasuka kama tope la bwawa lililokauka. Mteja hataona hiyo siku ya kununua. Ataiona miaka kadhaa baadaye, ukutani kwake, na ataita mchoraji tapeli.

Kwa hivyo ukimwambia mchoraji "niandalie kufikia Ijumaa," unamwambia akuuzie kitu kitakachopasuka. Akikataa, mnasema wasanii wana maringo.

Kuna wanaosema basi atumie akriliki, si inakauka kwa dakika chache? Ndiyo, inakauka, na kuna watu wanafanya maajabu nayo. Lakini kwa mafuta unaweza kurudi kesho ukakuta rangi bado iko laini, ukasukuma kivuli cha shavu kidogo kidogo hadi mtu kwenye picha aanze kupumua. Huo ulaini ndio mchoraji ananunua kwa kungoja.

Sasa niwapeleke studio, kwa sababu naona wengi mnadhani siku ya mchoraji ni kulala hadi saa sita, kunywa divai na kungoja wazo lishuke kutoka mbinguni.

Auntie hufika saa moja na nusu asubuhi. Studio yake ni chumba kimoja cha mabati kwenye kompaundi ambayo wasanii kadhaa wanagawana. Mvua ikinyesha hamwezi kusikizana. Kiangazi kikija, vumbi linaingia chini ya mlango na kukaa kwenye rangi mbichi, ndio maana kila asubuhi kazi ya kwanza ni kumwagia sakafu maji na kupiga deki. Halafu anavuta kiti cha plastiki, anakaa mbali kidogo, na anaangalia kile alichofanya jana.

Anaangalia tu. Nilirekodi dakika 35 za mtu akiangalia kanvasi. Mara anachukua kioo kidogo, anaipa picha mgongo na kuitazama kwa kioo, kwa sababu ikigeuzwa kushoto kulia makosa ambayo jicho lilikuwa limezoea yanatokea yenyewe. Mara anaigeuza picha kichwa chini. Nilipomuuliza mbona haanzi, alinijibu bila kunitazama: "Mkono hauna shida, wewe kijana. Shida ni jicho. Jana jioni lilikuwa limechoka likanidanganya."

Mwangaza nao ni vita vyake. Vitabu vya Ulaya vinakwambia mchoraji awe na dirisha linaloangalia kaskazini, kwa sababu huko jua haliingii upande huo na mwangaza hautingishiki siku nzima. Sawa, lakini Nairobi iko karibu kabisa na ikweta, kusini yake kidogo. Hapa, kuanzia mwisho wa Machi hadi Septemba, jua la mchana linapita upande wa kaskazini. Ukifuata kitabu, mwezi wa sita jua linakuja moja kwa moja juu ya kanvasi yako. Auntie ametundika shuka jeupe dirishani na analisogeza kulingana na mwezi. Julai, ile ya mawingu na baridi, ndiyo anaipenda zaidi kwa mwangaza: laini, wa kijivu, haubadiliki. Lakini Julai hiyo hiyo ndiyo rangi inakataa kukauka. Hakuna mahali unapata vyote.

Halafu paleti. Huwa anaweka rangi sita au saba hivi, si zile sabini mnaona kwa maduka ya vifaa. Ngozi yetu haiko kwenye tyubu. Wazungu walikuwa na tyubu waliyoiita rangi ya ngozi, na ilikuwa ya waridi. Unaweza kujua walikuwa wanafikiria ngozi ya nani. Mtu mweusi unamtengeneza kwa amba, buluu, nyekundu, njano kidogo ya udongo. Auntie akifika kwenye paji la uso la mtu aliyesimama nje, anaweka buluu hapo, buluu kabisa, kwa sababu ngozi nyeusi inayong'aa hubeba mbingu. Ukisimama karibu unaona doa la buluu. Ukirudi hatua tatu unaona jua la saa nne asubuhi. Nimemwona akichanganya rangi ya shingo moja tu kwa dakika 50, anapaka kidogo pembeni ya kanvasi, anafuta, anaanza tena. Hiyo nayo kwenye video yangu ilikuwa sekunde mbili.

Picha aliyokuwa anafanya wakati huo ilikuwa ya mama amekaa juu ya mtungi wa lita ishirini kwenye foleni ya maji. Alianza na michoro midogo ya kalamu kwenye daftari, kama kumi na tano, anabadilisha tu mahali mkono wa yule mama unakaa. Akatengeneza fremu, akavuta kitambaa, akakipaka msingi, kwa sababu mafuta yakigusa kitambaa kitupu yanakila polepole hadi kinaoza. Akapaka rangi nyembamba ya udongo kote. Akaweka vivuli kwa kahawia na tapentaini. Akangoja. Akaanza nguo, mitungi, ukuta. Akangoja. Akafika usoni, akafanya uso kwa siku nne.

Siku ya tano nilifika nikapata ameukwangua wote. Uso mzima, kwa kisu cha paleti, umebaki doa la kahawia. Nilishtuka kuliko yeye. Akaniambia, "Alikuwa anafanana na mtu anayengoja kupigwa picha. Mimi nilitaka mtu anayengoja maji."

Soma hiyo tena. Hapo ndipo kazi iko. Yule mtu wa "hata mimi naweza" anaweza kujifunza kushika brashi, sikatai. Lakini je, anaweza kutazama uso mzuri, uliotoka vizuri, ambao kila mteja angeusifu, akaona ni uongo, na akautupa? Wengi wetu hatuwezi kutupa hata selfi.

Na msidhani huo ni ukaidi wa Auntie pekee. Huko London, Lucian Freud, aliyekufa mwaka wa 2011 akihesabiwa kati ya wachoraji wakubwa wa watu, alikuwa anachora mtu kwa miezi. Mwaka wa 2002 alimchora mchoraji mwenzake, David Hockney, na Hockney alikaa kwenye kile kiti kwa zaidi ya masaa 100. Masaa mia moja, kwa ajili ya kichwa cha mtu mmoja. Sasa wewe unakuja na picha ya mpenzi wako iliyopigwa usiku kilabuni, imejaa ukungu, unataka iwe kubwa, iwe ya mafuta, na iwe tayari kwa Valentine's. Leo ni tarehe tisa.

Jioni nayo hakuna aliyewahi kuniuliza inakuaje. Brashi zinaoshwa moja moja, kwanza tapentaini, kisha sabuni ya kipande na maji, hadi povu litoke jeupe. Ukizembea usiku mmoja, asubuhi brashi imekuwa kijiti. Matambara yenye mafuta hayatupwi ovyo kwenye kona. Yale mafuta yakivuta oksijeni yanatoa joto, na matambara yaliyorundikwa yanaweza kuwaka yenyewe bila mtu kuwasha kiberiti. Kwenye chumba cha mabati, kati ya kanvasi na chupa za tapentaini, fikiria hiyo. Auntie anayaweka kwenye mkebe wa maji na kufunika. Halafu anafunga dirisha na kwenda kutafuta matatu kama mfanyakazi mwingine yeyote wa Nairobi, nguo zinanuka tapentaini hadi watu wanasogea.

Sasa tuje kwa pesa, kwa sababu hapo ndipo mnaanzaga kelele.

Yule mama wa mtungi alimchukua wiki saba. Bei: 60,000. Alimpeleka kwa galeri, na galeri ilichukua asilimia 40. Hiyo ni 24,000 imeenda, na simlaumu mwenye galeri, naye ana kodi na stima. Zimebaki 36,000. Mbao, kitambaa na rangi ya msingi zilikula 4,000. Rangi, mafuta na tapentaini, 7,000. Zimebaki 25,000. Studio ni 12,000 kwa mwezi, yaani kama 21,000 kwa hizo wiki saba, na kwa kuwa alikuwa na picha tatu zinaendelea kwa zamu, hii moja tunaikata 7,000. Zimebaki 18,000. Auntie huandika masaa yake kwa daftari. Hii picha ilikula masaa 90, bila kuhesabu kukauka.

Gawanya. Shilingi 200 kwa saa.

Hiyo ndiyo "bei juu" mnayoililia. Mtu mwenye miaka kumi na saba ya kuchora, shilingi mia mbili kwa saa. Fundi wa mtaani anayejua kazi yake anafika hapo, na fundi analipwa jioni. Auntie alingoja miezi minne picha inunuliwe.

Na sasa fanya ile hesabu yako ya ujanja. Umelia, umebembeleza, hadi wameikubali 40,000. Unatoka hapo ukijisifu. Galeri inachukua 16,000. Toa vifaa na studio, 18,000. Zinabaki 6,000 kwa masaa 90. Hata shilingi 70 kwa saa haifiki. Hukupunguza bei ya picha. Mbao haikushuka bei, tyubu haikushuka bei, landilodi hakushuka bei. Kitu pekee kilichoshuka ni yeye.

Najua mtanijibu nini. Nimeyasikia yote, tuyapitie.

La kwanza: "Lakini kuna wachoraji wanaomoka. Si ule Mkenya aliuza picha ya mamilioni?" Mnamaanisha Michael Armitage, na ni vizuri mmemtaja. Alizaliwa Nairobi mwaka wa 1984 na akasomea uchoraji London. Anapaka rangi ya mafuta juu ya lubugo, kitambaa cha gome la mti kutoka Uganda, ambacho Waganda wamekipiga kwa nyundo za mbao tangu zamani za wafalme wao. Lubugo ina matundu, ina mishono, ina makunyanzi. Haitii kama kanvasi ya dukani. Mchoraji lazima aishi na kila tundu. Novemba 2019 picha yake, The Conservationists, iliuzwa kwa mnada wa Sotheby's kule New York kwa zaidi ya dola milioni 1.5.

Sasa sikizeni vizuri. Pesa za mnada wa aina hiyo huenda kwa aliyekuwa na picha na anaiuza, na kwa wenye mnada. Mchoraji alilipwa siku ile ya kwanza alipoiachilia, kwa bei ya siku hiyo. Marekani hata haina sheria ya taifa ya kumpa mchoraji kipande kazi yake ikiuzwa tena. Hapa kwetu sheria ya hakimiliki ilirekebishwa mwaka wa 2019 ikaweka haki hiyo, na ni jambo zuri. Lakini haki ya kupata sehemu ya mauzo ya pili haikusaidii kama mauzo ya kwanza yalikuwa ya huruma. Kumtumia Armitage kusema wachoraji wana pesa ni kama kumtumia Kipchoge kusema kila mtu anayekimbilia matatu ni bingwa.

La pili: "Nikimposti anapata jina." Hapa niacheni niongee kama mtu wa kazi hii. Kuonekana si pesa. Nina wafuasi, naona namba, najua laiki elfu kumi zinanunua nini: hakuna. Hakuna landilodi anapokea laiki, na hakuna Paybill ya sifa. Ukitaka kumposti mchoraji, mposti, ni tendo zuri. Lakini hilo ni tendo la ziada, linakuja baada ya kulipa. Na kampuni zinazoitisha wasanii wachore kuta zao bure "kwa ajili ya jukwaa" huku aliyeleta viti na tenti amelipwa, aliyeleta sauti amelipwa, hata wa maji ya chupa amelipwa, hao hawana hata aibu ya kuficha. Wameamua nani ni mfanyakazi na nani ni pambo.

La tatu: "Sai kuna AI, inanitolea picha kwa sekunde kumi." Inatoa, ndiyo. Kama unachotaka ni kitu cha kuangalia sekunde tatu ukipita, umepata, nenda nayo. Lakini hizo mashine zilifunzwa kwa mamilioni ya picha za watu kama Auntie ambao hakuna aliyewaomba ruhusa, kwa hivyo hata hiyo ya bure kuna mtu aliilipia. Na mashine haikwangui uso. Haijui tofauti kati ya anayengoja kupigwa picha na anayengoja maji, kwa sababu haijawahi kungoja chochote.

La nne ndilo la maana, na silidharau: "Buda, pesa hakuna." Ni kweli. Wengi wetu tunaishi keja moja watu wawili, kodi inatufuata kama deni la Fuliza. Elfu sitini ni kodi ya miezi. Lakini kukosa pesa na kudharau kazi ni vitu viwili tofauti. Mimi sina pesa ya gari, na sijawahi kuenda yadi ya magari nikamwambia muuzaji "hii si hata mimi naweza kuunda." Huna sitini? Uliza kama kuna mchoro mdogo wa daftari, ile michoro kumi na tano ya mkono wa yule mama. Wachoraji wengi wanayo, na wanaiuza kwa pesa ya viatu vyako. Uliza kama unaweza kulipa kidogo kidogo, picha ichukuliwe ikimalizwa kulipwa. Changeni watu watatu mnunulie mzazi wenu moja. Au usinunue kitu: ingia, tazama, sema "kazi safi, Auntie," na utoke. Hakuna mtu amewahi kufukuzwa kwa hiyo.

Na kuna mahali pa kutazama, msiseme hamjui. Nairobi Gallery iko katikati ya mji, jirani na Nyayo House, na ina mkusanyiko wa Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa nchi hii, aliyekuwa anakusanya sanaa ya Afrika wakati wengine walikuwa wanakusanya mashamba. Armitage mwenyewe alianzisha Nairobi Contemporary Art Institute hapa hapa mjini. Tunapita hizi sehemu tukielekea kupiga foleni ya burger.

Mbona nakasirika hivi juu ya picha? Kwa sababu kuna kitu kinaendelea chini ya maji. Nimewaona wachoraji wa rika letu wakiacha mafuta mmoja mmoja. Si kwamba hawayapendi. Rangi ya mafuta haileti video: huwezi kuposti kila siku kitu kinachochukua wiki saba. Kwa hivyo wanahamia sura za watu maarufu, penseli, haraka haraka, kila wiki staa mwingine, wakiomba huyo staa aone na kushea. Mikono yao ni hatari, siwezi kudanganya. Lakini waulize wao wenyewe wanataka kuchora nini, wanakutazama kama umewauliza kwa Kichina. Simu imewafunza kumaliza. Haijawafunza kuangalia.

Na kuna wadogo zetu. Hii CBC, au CBE kama mnaiita sai, imeweka njia nzima ya sanaa na michezo kwenye sekondari ya juu, sambamba na ile ya sayansi na ile ya masomo ya jamii. Serikali imewaambia watoto kwamba kuchora ni njia. Vizuri. Lakini mtoto atakayeifuata hiyo njia, mwisho wake atakutana na nani? Atakutana na sisi. Sisi ndio tutakuwa wateja, mabosi, watu wa kutoa oda. Kama bado tutakuwa wale wa "nipunguzie, nitakuposti," basi hiyo njia tumeichimbia shimo mwishoni na tukawaambia wakimbie.

Kwa hivyo naitisha vitu vitatu, si vikubwa.

Wewe unayetengeneza video za wachoraji: andika wiki na masaa juu ya skrini. "Sekunde 40. Kazi: masaa 90, wiki 7." Acha hata sekunde tano za mchoraji akiangalia tu, na sekunde tano akikwangua. Watu watauliza ni nini hiyo. Waelezee.

Wewe unayetoa oda: lipa nusu kabla brashi haijaguswa, na upeane muda wa kukauka. Kama ni ya harusi ya Desemba, ongea mwezi wa sita. Kama umechelewa, nunua iliyo tayari.

Na wewe unayesimama mbele ya kanvasi na lile swali limefika kooni: badala ya kuuliza mbona bei iko juu, uliza ilichukua muda gani. Ni swali la bure. Mchoraji atakujibu, na nina hakika atafurahi kuulizwa, kwa sababu karibu hakuna anayeuliza. Halafu chukua bei, igawanye kwa hayo masaa, kimya kimya, kwa hiyo simu yako ya laki moja.

Ukishaona jibu, kama bado unataka kusema "nipunguzie," sema. Lakini mwangalie machoni ukisema.